Kisiwa kwanza, Paris mwisho: safari ya Ufaransa kwa anayetoka Mombasa

Wengi wanaopanga likizo ya Ufaransa huanzia Paris, kisha siku tatu za mwisho hukimbilia baharini. Geuza mpango huo. Nenda kwanza Corsica, kisiwa cha Ufaransa kilicho Mediterania, Paris iwe kituo cha mwisho. Sababu si uzuri wa mahali, ni upepo. Kisiwani huendwa kwa feri au kwa ndege, na upepo wa mistral au libeccio ukichachamaa, safari husogezwa au hufutwa kabisa. Migomo ya bandari na reli nayo si habari ngeni kule. Ukikwama siku mbili mwanzoni mwa likizo, unachopoteza ni siku mbili za Paris. Ukikwama mwishoni, ndege ya kurudi inakuacha, na tiketi inayonunuliwa siku ya safari haina huruma. Aliyekulia pwani haya hayamtatizi: kusi likikaza, dau halitoki.

Corsica ni kisiwa cha nne kwa ukubwa katika Mediterania, baada ya Sicily, Sardinia na Cyprus. Urefu wake ni kilomita 183, upana 83, na katikati imesimama milima inayofika mita 2,706 pale Monte Cinto. Usikichukulie kama Lamu, kwamba ukishuka jahazini umefika. Siku sita kisiwani na nne Paris ni kipimo kizuri. Chini ya hapo utakuwa unahama hoteli tu.

Wakati wa kwenda

Mwisho wa Juni na mwezi mzima wa Septemba ndio wakati bora. Julai na Agosti Wafaransa wenyewe wako likizo, vyumba vimejaa na barabara za kisiwani zimeziba. Mei milima ina maua na bei ni nafuu, lakini maji ya bahari ni nyuzi 17 au 18 hivi. Aliyezoea maji ya Nyali ataingiza mguu na kuutoa. Septemba maji bado yana joto la kiangazi. Wenye watoto wa shule wanabanwa na likizo ya Agosti, na hao wakate feri na hoteli mapema sana, hasa wakipitia tarehe 15 Agosti: ni sikukuu Ufaransa nzima, na Ajaccio, mji wa Corsica alikozaliwa Napoleon, mtawala wa zamani wa Ufaransa, husherehekea siku ya kuzaliwa kwake juu yake. Likizo ya Desemba haifai kwa kisiwa. Hoteli nyingi za ufukweni huwa zimefungwa.

Jambo moja litakalokushangaza ni kwamba Mediterania karibu haina maji kujaa wala kupwa. Kwetu bamvua huvuta maji mita tatu na zaidi. Kule tofauti haifiki hata nusu mita. Usiulize maji yatajaa saa ngapi, uliza upepo unatoka wapi.

Viza, na mahali watu wanapokwama

Mkenya anahitaji viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja) ya muda mfupi, inayoruhusu siku zisizozidi 90 ndani ya kipindi cha siku 180. Ombi halipokewi mapema kuliko miezi 6 kabla ya safari, wala halifai kuchelewa chini ya siku 15. Kwa kawaida jibu hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inawaruhusu kufika 45, na miadi yenyewe huadimika kuelekea Agosti. Kwa safari ya Agosti, anza Aprili. Ada tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Chini ya 6 hawalipi. Ukinyimwa, pesa hairudi, na malipo ya kituo cha kupokea maombi ni juu yake.

Fomu hujazwa kwenye tovuti ya France-Visas, inachapishwa, kisha unakwenda nayo mwenyewe Nairobi kwa miadi, kwa kuwa alama za vidole hazitumwi kwa mtu. Alama hizo hukaa kwenye mfumo miezi 59, hivyo aliyepata viza ya Schengen karibuni huenda asichukuliwe tena. Kina mama, angalieni hina: iliyopakwa hadi ncha za vidole, hasa piko nyeusi, inaweza kuisumbua mashine ya kusoma alama. Kama kuna harusi wiki hiyo, miadi itangulie. Picha ni ya milimita 35 kwa 45. Anayevaa mtandio wa dini aulize kwanza masharti ya picha, na uso uonekane wote kuanzia kidevu hadi paji.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen. Bima ya safari ifike yuro 30,000, na iandikwe wazi kwamba inafanya kazi nchi zote za Schengen na inagharimia matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani.

Kwenye pesa ndipo wengi huteleza. Ufaransa ina kiwango chake: mwenye hoteli aliyoweka nafasi aonyeshe yuro 65 kwa kila siku, asiye na hoteli 120. Siku 12 zenye hoteli ni yuro 780 kwa kila mtu, mbali na tiketi. Taarifa za benki za miezi mitatu ndizo zinazosomwa, na anayezisoma hatazami salio la mwisho peke yake, anatazama pesa ilivyoingia na kutoka. Akaunti iliyokuwa na elfu nane ikajazwa laki nne wiki moja kabla ya miadi inajieleza yenyewe kwamba pesa ni ya kuazima. Kama harusi au shamba lililouzwa ndilo lililoleta pesa, weka karatasi zake. Taarifa ya M-Pesa inaweza kusindikiza ya benki, haichukui nafasi yake. Aliyeajiriwa apeleke barua ya kazi yenye tarehe za likizo na hati za mshahara. Mwenye duka apeleke usajili wa biashara na karatasi za kodi.

Ukifikia kwa jamaa, barua ya kukualika aliyoiandika nyumbani haitoshi. Anatakiwa aende kwenye ofisi ya mji wake, wanayoiita mairie, akatolewe hati rasmi ya kukupokea, na ni hati yenyewe unayotumiwa, si nakala. Hilo nalo huchukua wiki kadhaa.

Mzigoni

Miraa na muguka viache nyumbani. Nchini Ufaransa hizo ni dawa za kulevya mbele ya sheria, hata kishada kimoja. Nyama na maziwa ya aina yoyote kutoka nje ya Ulaya hayaingii, kwa hiyo sambusa za nyama alizofunga shangazi zitaishia kwenye pipa la forodha. Maembe hayaingii bila cheti cha afya ya mimea. Lakini sheria ya Ulaya imeachia matunda matano bila cheti: nanasi, ndizi, nazi, tende na durian. Kwa zawadi ya nyumbani, basi, tende na nazi ndizo salama.

Plagi zetu za meno matatu bapa hazitaingia kwenye soketi zao za matundu mawili ya duara. Nunua adapta Mombasa, maana kule utauziwa ghali. Umeme ni wa nguvu ile ile, chaja haitaungua.

Kwa wanaovaa ninja: sheria ya mwaka 2010 imekataza kufunika uso mahali pa umma, na faini inafika yuro 150. Buibui na mtandio vinavyoacha uso wazi havina tatizo mtaani. Mabwawa mengi ya kuogelea ya umma hayaruhusu nguo ndefu, wala kaptura pana za wanaume. Baharini pana nafuu zaidi.

Shilingi ya Kenya haina soko kule. Beba yuro kiasi cha siku tatu, zilizobaki ziwe kwenye kadi, na uiarifu benki kabla ya kuondoka ili kadi isifungwe unapoitumia Marseille ghafla. Mashine ikikuuliza ulipe kwa yuro au kwa shilingi, chagua yuro kila mara. Ukichagua shilingi, kiwango cha kubadilishia wanakipanga wao.

Saa zao na saa zetu

Hili dogo limewaachisha watu vyombo. Tiketi zao zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24. Kuanzia 07:00 hadi 18:59, toa 6: treni ya 14:20 ni saa nane na dakika ishirini mchana. Kuanzia 19:00 hadi 24:00, toa 18: feri ya 19:00 ni saa moja jioni. Wakati wa kiangazi Ufaransa iko nyuma yetu kwa saa moja, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi iko nyuma kwa saa mbili.

Kutoka Mombasa hadi bandarini Marseille

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka uwanja wa Moi, Mombasa, hadi Paris. Nairobi ndiyo njia ya kawaida. Addis Ababa na Istanbul ni njia nyingine. Kata tiketi moja ya Mombasa hadi Paris, hata kama inazidi kidogo. Ukichanganya SGR na tiketi ya ndege ya peke yake, treni ikichelewa kufika Syokimau hakuna anayewajibika kwako. Anayeshikilia SGR kwa bei yake alale Nairobi usiku mmoja.

Ukishuka Charles de Gaulle, uwanja wa ndege wa Paris, usiingie mjini. Chini ya Terminali 2 kuna stesheni ya TGV, treni za kasi, na baadhi ya treni hutoka pale hadi Marseille Saint-Charles kwa muda wa saa nne hivi bila kubadilisha. Kati ya ndege kutua na treni kuondoka weka nafasi ya saa tatu au nne, kwa kuwa mfumo mpya wa kuwaandikisha wasafiri mpakani ulioanza Oktoba 2025 umerefusha foleni, na tiketi rahisi ya treni haingoji mtu.

Lala Marseille usiku mmoja. Usipange kushuka kwenye treni na kupanda meli jioni ile ile. Mji una jamii kubwa ya Wangazija, na mtu wa Mombasa akikaa kwenye mikahawa yao atajikuta anayatambua maneno kadhaa. Vyakula vya halali vimejaa pia, jambo ambalo kisiwani utalikumbuka.

Meli za Corsica hutoka mtaa wa Joliette, vituo viwili tu vya metro kutoka Saint-Charles kwa laini ya 2. Kabla ya kulipa, soma kwa makini bandari ya kutokea na ya kufikia. Kuna meli za Marseille, za Toulon na za Nice. Na kisiwani kuna Ajaccio, Bastia, L'Île-Rousse, Propriano na Porto-Vecchio. Aliyekosea bandari ya kufikia atajikuta ng'ambo ya pili ya milima.

Hii si Likoni ya kuvuka bila tiketi. Safari ni ya usiku kucha. Fika muda wa saa mbili kabla, pasipoti mkononi. Tiketi ya chini kabisa ni ya kiti, na wenye viti huishia kulala sakafuni huku kiyoyozi kikiwapuliza. Kabini ya watu wanne ikigawanywa na familia huwa haizidi sana gharama ya chumba cha hoteli, na ina bafu. Ukipanda na gari, chukua begi dogo lenye dawa, sweta na mswaki kabla ya kupanda ngazi, kwa sababu sitaha ya magari hufungwa hadi meli itie nanga. Meza kidonge cha kichefuchefu kabla meli haijang'oa nanga. Ukingoja tumbo lianze, umechelewa.

Amka kabla ya jua na upande sitaha ya juu. Milima hutokea kwanza, myeusi, kisha upepo wa nchi kavu unaleta harufu ya maquis, vichaka vifupi vya mihadasi na mimea mingine ya ubani vilivyofunika kisiwa. Ni harufu kavu, ya kama kabati la mwanamke aliyefukiza nguo jana.

Kisiwani

Ingia Ajaccio, toka Bastia, na katikati panda treni. Njia hiyo ina kilomita 158 na huchukua karibu saa nne, kwa sababu inapanda milima. Reli ni ya upana wa mita moja, sawa na ile ya zamani iliyotoka Mombasa kwenda Uganda, na ukiikumbuka ile utaielewa hii: mabehewa madogo, kona nyingi, na mwendo wa kumtosha abiria kuhesabu mbuzi. Treni ni chache kwa siku na Jumapili hupungua zaidi, kwa hiyo soma ratiba ya siku yako, si ya jana. Shuka Vizzavona, kwenye msitu wa misonobari mirefu karibu na handaki la kilomita nne kasoro, tembea hadi maporomoko, kisha panda treni inayofuata. Kati ya Vivario na Venaco treni inavuka bonde kwa daraja la Vecchio. Litazame vizuri: ni kazi ya kampuni ya Gustave Eiffel, yule yule wa mnara utakaoupanda wiki ijayo.

Ajaccio yenyewe ni ya siku moja. Napoleon alizaliwa hapa tarehe 15 Agosti 1769, mwaka mmoja tu baada ya Genoa, dola ya Italia ya wakati ule, kuiachia Ufaransa kisiwa, na nyumba yao sasa ni makumbusho. Ni nyumba ya kawaida ya mji mkongwe kwenye kichochoro chembamba, yenye madirisha ya mbao. Ipitie kwa saa moja, ukijua kwamba mwisho wa hadithi uko Paris.

Kwa Bonifacio, mji wa kusini mwa kisiwa, hakuna treni, na basi ni chache. Hapa gari la kukodi lina maana, lakini soma masharti. Leseni ya Kenya peke yake haitoshi kwa sababu haijaandikwa kwa Kifaransa. Chukua leseni ya kimataifa kabla ya kuondoka. Kampuni nyingi hudai kadi ya mkopo yenye jina la dereva ili kuzuia dhamana, na kadi ya kawaida ya benki hukataliwa pale pale kaunta, mzigo ukiwa mkononi. Kule wanaendesha kulia. Hatari si barabara kuu, ni unapotoka kwenye maegesho asubuhi bila gari jingine la kufuata. Mkono unarudi kushoto wenyewe. Kwenye njia panda isiyo na alama, anayetoka kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita. Na kwenye kituo cha mafuta kumbuka neno hili: gazole ni dizeli. Linafanana na jina la petroli, na wageni wengi wameharibu injini kwa kufanana huko. Petroli imeandikwa sans plomb, au SP95 na SP98.

Usihesabu kilomita, hesabu saa. Ajaccio hadi Bonifacio ni kama kilomita 130 na zitakula saa mbili na nusu au zaidi, za kona, nguruwe wanaolala barabarani, na ng'ombe wasiosikia honi.

Bonifacio ni mji uliokaa juu ya jabali la chokaa jeupe, bahari ikiwa imelila chini hadi nyumba za ukingoni zinaning'inia. Ngazi ya Mfalme wa Aragon imechongwa kwenye jabali hilo, vipandio 187, vyenye kimo kisicholingana. Vaa viatu vyenye soli ya kushika, malapa hayafai. Kushuka ndiko kunakochosha magoti, kupanda kunachosha kifua. Mvua au upepo mkali ukija hufungwa. Nenda asubuhi kabla jabali halijapata moto.

Boti za visiwa vya Lavezzi hutoka bandarini chini. Kule hakuna duka wala kivuli cha maana: maji lita mbili kwa kila mtu, kofia, na chakula. Kata tiketi siku ya kwanza upepo unapotulia, usiiweke siku ya mwisho. Mlango huu wa bahari kati ya Corsica na Sardinia ni mwembamba na mkali. Meli ya kijeshi La Sémillante ilivunjikia Lavezzi Februari 1855 ikazama na watu wote, na makaburi yao unayapita kwa miguu.

Ukibaki na siku, iwe ya Calanche de Piana upande wa magharibi, miamba myekundu iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1983 pamoja na ghuba ya Girolata na hifadhi ya Scandola. Barabara ni finyu na mabasi ya watalii huibana saa za mchana. Pita mapema, au jua likielekea kuzama ambapo jiwe linawaka. Usiwashe moto popote kiangazi, hata jiko dogo la chai, na usipige hema nje ya kambi. Kisiwa hiki huungua karibu kila mwaka na hawana mzaha na mgeni.

Chakula kwa Mwislamu kinahitaji macho. Soseji na nyama za kukaushwa za kisiwani, yaani figatellu, coppa, lonzu na prisuttu, zote ni nguruwe, na mchuzi wa sanglier ni nguruwe mwitu aliyepikwa kwa mvinyo. Biskuti za canistrelli zinaonekana hazina hatia lakini nyingi hukandwa kwa mvinyo mweupe, uliza. Kinachobaki si haba: samaki wa kuchoma, jibini laini la brocciu linalotokana na maziwa ya kondoo au mbuzi, na ugali wa unga wa chestnut wanaouita pulenda, unaosongwa kwa mwiko kwelikweli hadi ukatike kwa uzi.

Paris

Kutoka Ajaccio au Bastia ruka hadi Orly, uwanja mwingine wa ndege wa Paris, saa moja na nusu hivi. Laini ya 14 ya metro imefika Orly tangu Juni 2024 na inakushusha Châtelet, katikati ya mji, chini ya nusu saa. Tiketi ya uwanja wa ndege ni tofauti na ya kawaida: mwaka 2025 ilikuwa yuro 13 dhidi ya 2.50. Ukipita na ya kawaida, faini inakungoja mlangoni. Nunua kadi ya Navigo Easy kwa yuro 2, kila mtu yake. Kadi moja haiwapitishi watu wawili.

Mnara wa Eiffel una urefu wa mita 330, ulijengwa kati ya 1887 na 1889, na umeshikwa na ribiti milioni mbili na nusu. Tiketi za lifti hufunguliwa mtandaoni siku 60 kabla, na za kileleni huisha haraka. Weka kengele kwenye simu. Ukizikosa, usikimbilie wauzaji wa mtaani. Chukua ngazi: vipandio 674 hadi ghorofa ya pili, bei nafuu, foleni fupi, na unapanda ndani ya chuma chenyewe ukiziona ribiti kwa karibu, kila moja na kichwa chake kilichopakwa rangi tabaka juu ya tabaka. Kwa maoni yetu ghorofa ya pili ndiyo bora hata kwa mwenye pesa. Kutoka kileleni mji unakuwa ramani. Kutoka ya pili bado unaona watu na madaraja. Kuna ukaguzi mara mbili, chupa za kioo haziingii, na hakuna pa kuacha mizigo, kwa hiyo usiende na sanduku ukitokea stesheni. Usiku mnara humeta dakika tano kila saa inapoanza, na hilo utaliona bure ukiwa kwenye uwanja wa Trocadéro. Jihadhari hapo na mchezo wa vikombe vitatu na kijimpira. Wanaoshinda mbele yako ni wenzao.

Makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne, na Jumatano na Ijumaa hufika saa tatu usiku. Tangu tarehe 14 Januari 2026 asiye wa Ulaya hulipa yuro 32, kwa hiyo hesabu za zamani zitupe. Walio chini ya miaka 18 huingia bure, wawe wa wapi. Tiketi ina saa yake. Nenda saa tatu asubuhi kamili na uelekee moja kwa moja chumba namba 711, iliko Mona Lisa, au ngoja jioni ya Jumatano. Mona Lisa ni picha ya sentimita 77 kwa 53 nyuma ya kioo, na mbele yake kuna msitu wa simu. Ukishaiona, geuka. Nyuma yako ukuta mzima umechukuliwa na Harusi ya Kana, picha ya mchoraji Veronese, karibu mita 7 kwa 10, iliyochukuliwa Venice na majeshi ya Napoleon mwaka 1797, na watu wameipa mgongo.

Kuingia kanisa la Notre-Dame ni bure, tangu ilipofunguliwa tena Desemba 2024 baada ya moto wa tarehe 15 Aprili 2019. Anayekuuzia tiketi ya kanisa anakuibia. Nafasi za mtandaoni, nazo bure, hutolewa siku mbili kabla, na bila nafasi foleni huenda haraka kuliko inavyoonekana. Minara ndiyo inayolipiwa, na ina vipandio 424.

Tao la Ushindi (Arc de Triomphe) aliliagiza Napoleon mwaka 1806 na halikuisha hadi 1836, yeye akiwa amekwisha kufa. Lipandie kwa vipandio 284 saa za jua kuchwa. Usijaribu kuvuka mzunguko ule kwa miguu. Kuna njia ya chini ya ardhi kutoka Champs-Élysées. Kaburi la Napoleon liko Les Invalides, mabaki yake yakiwa yamerudishwa Ufaransa mwaka 1840. Aliyeanzia kile kichochoro cha Ajaccio ataliangalia jeneza lile kubwa kwa jicho tofauti.

Msikiti Mkuu wa Paris, wa mwaka 1926, una mnara wa mita 33 na mkahawa wa chai ya nanaa, mwendo wa nusu saa kasoro kutoka Notre-Dame. Kibla huko ni kusini-mashariki. Aliyezoea kuelekea kaskazini kama Mombasa atumie dira. Na mwezi wa Juni magharibi huingia karibu saa nne usiku, si saa kumi na mbili unusu. Wanaofunga sunna wapime wenyewe.

Manunuzi yaache hadi Paris. Asiyeishi Ulaya, mwenye miaka 16 na zaidi, akinunua bidhaa za zaidi ya yuro 100 katika duka moja hurudishiwa sehemu ya kodi. Mwambie muuzaji kabla hajakutolea risiti, umwonyeshe pasipoti, na atakupa fomu ya détaxe. Uwanja wa ndege tafuta mashine za Pablo kabla ya kukabidhi masanduku, pitisha alama ya fomu, na usubiri jibu kwenye kioo. Mashine ikikataa, nenda dirisha la forodha na bidhaa zenyewe mkononi, kwa sababu afisa anaweza kutaka kuziona. Zikiwa zimeshaingia tumboni mwa ndege, huna cha kumwonyesha.